Manahodha Wawili Katika Anga Moja

Mpenzi msomaji, hasa wewe mwanafunzi wa Jinja au wa Mbale unayejifunza Kiswahili na uraia kwa pamoja, leo nakuomba uinue macho. Chukulia kwamba ndege moja ya abiria ipo juu ya Bwawa la Nalubaale pale Jinja, na nyingine ipo juu ya Wanale, ule ukuta wa mawe unaoutazama mji wa Mbale. Zote zimo katika kimo kimoja, kila moja inakwenda kilomita 900 kwa saa, na zinaelekeana. Umbali wa mstari ulionyooka baina ya miji yetu miwili ni kama kilomita 130. Basi likipitia Iganga na barabara ya Tirinyi hutumia saa kadhaa, kutegemea dereva na idadi ya vituo vya kununulia muchomo. Ndege hizo mbili zitakutana juu ya Namutumba kabla dakika tano hazijatimia. Rubani akimwona mwenzake akiwa umbali wa kilomita tano, atakuwa amebakiwa na sekunde kumi tu. Macho ya binadamu, hata yawe makali kama ya mwewe, hayatoshi kwa kazi hiyo.

Jambo linalofanana na hilo lilikaribia kutokea mwanzoni mwa mwaka 2024, katika anga la kaskazini mwa Somalia, na linatuhusu kuliko tunavyodhani. Ndege ya Shirika la Ethiopia, safari ET602, ilikuwa imetoka Addis Ababa kwenda Dubai, ikiwa katika kimo cha futi 39,000. Ndege ya Shirika la Qatar, iliyoitwa QR6U redioni, ilikuwa katika futi 38,000 ikija upande wetu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba ilitoka Doha na kituo chake kilikuwa Entebbe. Mwongoza ndege aliyekuwa chini aliiagiza ile ya Qatar ipande hadi futi 40,000. Hesabu hiyo unaiweza hata bila kikokotoo: kutoka 38,000 kwenda 40,000 lazima upite 39,000, na huko tayari palikuwa na wenyewe. Vyombo vya onyo vililia ndani ya ndege, marubani wakatii, ndege zikapishana salama. Abiria wengi, nadhani, waliendelea kulala.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya sarufi, maana mwalimu wa lugha hawezi kujizuia. Ndege anayeruka kwa mbawa zake huingia katika ngeli ya A-WA: ndege yule ametua mtini. Ndege iliyoundwa kiwandani huwa katika ngeli ya I-ZI: ndege ile imetua uwanjani. Kiswahili kimelipa neno moja maisha mawili, na upatanisho wa kisarufi ndio unaotuambia ni yupi anayezungumziwa. Katika makala haya ndege zote ni za kiwandani.

Turudi angani. Kwa nini moja ilikuwa futi 39,000 na nyingine 38,000? Haikuwa bahati. Barabarani sisi hupita kushoto, na ndiyo maana lori la miwa likitoka Kakira na teksi ikitoka Bugiri hupishana bila madereva kujuana. Angani nako kuna desturi. Ndege mbili ndogo zikikutana uso kwa uso, kila rubani hugeuza kuelekea kulia kwake. Ndege kubwa za safari ndefu hutenganishwa kwa kimo: zinazoelekea upande wa mashariki hupewa kwa kawaida maelfu yasiyogawanyika kwa mbili, kama 37,000 na 39,000, zinazoelekea magharibi hupewa 38,000 au 40,000. ET602 ilikuwa inakwenda mashariki, kwa hiyo 39,000 ilikuwa haki yake. QR6U ilikuwa inakuja magharibi, na futi 40,000 ilizoagizwa zilikuwa sahihi pia. Kilichokosewa ni wakati wa kuzipandia.

Kati ya ngazi moja na inayofuata kuna futi 1,000, yaani mita 305 hivi. Zamani, katika vimo hivyo vya juu, pengo lilikuwa futi 2,000, kwa sababu vipima kimo havikuaminika sana. Afrika ilijiunga na mpango wa pengo dogo tarehe 25 Septemba 2008, baada ya vyombo kuboreshwa, na hivyo ndege nyingi zaidi zikaweza kupita katika anga lile lile. Faida ilikuwa kubwa, lakini faida huja na masharti. Anayegawa ngazi hizo lazima awe mmoja, awe na taarifa kamili, na sauti yake isishindane na nyingine.

Hilo ndilo lililokosekana. Wahenga wa pwani, waliojua bahari kuliko sisi wa kandokando ya Mto Nile, walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika anga la Somalia, mwanzoni mwa 2024, manahodha walikuwa wawili: Mogadishu na Hargeisa.

Ili uelewe, rudi nyuma hadi 1991. Mwaka huo serikali ya Somalia ilianguka, na Somaliland, yenye makao yake Hargeisa, ikajitangaza kuwa nchi huru. Kwa kuwa ndege za dunia haziwezi kungoja wanasiasa wapatane, Umoja wa Mataifa kupitia Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulilisimamia anga hilo kutoka Nairobi kwa miaka mingi. Hebu tafakari: anga la nchi moja liliongozwa kutoka mji mkuu wa nchi nyingine. Usimamizi ulirudishwa Mogadishu mwishoni mwa mwaka 2017. Mwezi Januari 2023, baada ya kipindi cha takribani miaka thelathini, anga la juu la Somalia lilirudishiwa daraja A, daraja ambalo kila ndege ndani yake huongozwa na kutenganishwa na wenzake. Kabla ya hapo marubani walilazimika kutangaziana mahali walipo, kila mmoja akiwaambia wengine redioni, kama waendesha bodaboda wanaopiga honi kwenye kona isiyoonekana.

Haukupita mwaka mmoja. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia na Somaliland zilitia saini hati ya makubaliano iliyohusu Ethiopia kupata njia ya bahari. Mogadishu ikaona uhuru wake umekanyagwa. Katikati ya mwezi huo huo, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Hargeisa ilirudishwa na mamlaka ya Somalia kwa madai kwamba haikuwa na kibali. Kisha mgogoro ukaingia katika masafa ya redio. Marubani waliopita juu ya eneo hilo wakaanza kusikia sauti mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo yenye kuongoza, na mara nyingine zikitoa maagizo yasiyopatana. Mogadishu iliilaumu Hargeisa. Hargeisa ikailaumu Mogadishu. 

Nani mwenye haki ya kisiasa juu ya Hargeisa ni swali zito, na sitalijibu hapa. Angalia tu namna swali hilo lilivyosafiri. Lilianzia mezani, katika hati na mihuri, likapanda kilomita kumi na moja na ushei kwenda juu, zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo cha Mlima Elgon, likawakuta watu waliokuwa wamefunga mikanda na kuagiza chai. Wao hawakusaini lolote. Huenda miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uganda wanaorudi likizo kutoka kazini huko Ghuba, maana safari za Doha na Entebbe huwabeba wengi wa namna hiyo.

Sasa, walioziokoa ndege zile ni nani? Jibu fupi ni marubani, wakisaidiwa na chombo kinachojulikana duniani kote kwa herufi TCAS. Kila ndege kubwa hubeba kifaa kinachojibu maulizo ya redio kwa kutaja kimo chake. TCAS ya ndege hii huuliza, kifaa cha ndege ile hujibu, na kwa kurudia maulizo hayo kila baada ya muda mfupi chombo hukadiria kama njia zao zitakutana. Hatari ikikaribia, hutoa tahadhari kwanza. Ikizidi, mashine mbili hupatana zenyewe, moja ikimwambia rubani wake apande, nyingine ikimwambia wake ashuke. Haziulizi Mogadishu wala Hargeisa. Muda unaobaki baada ya amri hiyo huhesabiwa kwa sekunde, kama ishirini au thelathini.

Chombo hicho kilizaliwa kwa machozi. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde kuu la Grand Canyon nchini Marekani, wakafa watu wote 128. Msiba huo uliisukuma Marekani kuunda chombo kimoja cha kusimamia anga lake mwaka 1958, na wahandisi wakaanza miongo ya utafiti wa mashine ya kuonya. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Charkhi Dadri nchini India, ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana, wakafa 349. Hakuna mgongano wa angani uliowahi kuua watu wengi kuliko huo.

Lakini kisa ninachotaka ukikumbuke zaidi ni jozi ya matukio mawili, la Japani na la Ujerumani, kwa sababu yanafunua tatizo ambalo mashine peke yake haliwezi kulitatua: mtu mmoja akikuambia shuka, na mashine ikikuambia panda, utamtii nani?

Tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili za Shirika la Japani zilijikuta katika njia moja zikiwa na watu 677 kwa jumla. Mwongoza ndege alichanganya nambari za safari na kumwagiza asiyestahili ashuke. Chombo cha ndege hiyo kikamwamuru rubani apande. Rubani akamtii binadamu, akaendelea kushuka. Na ile nyingine, kwa kutii mashine yake, ilikuwa inashuka pia. Zilipishana kwa umbali usiofika mita mia mbili, baada ya rubani kuiona nyingine na kuikwepa kwa mkupuo uliowarusha watu darini. Watu wapatao mia moja waliumia. Hakufa hata mmoja.

Ungetarajia dunia ishtuke na kuandika kanuni moja iliyo wazi. Uchunguzi uliendelea. Kabla ripoti yake haijatolewa, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, karibu na mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, jambo lile lile lilitokea na safari hii hakukuwa na wa kusimulia. Ndege ya Urusi aina ya Tupolev ilikuwa ikitoka Moscow kwenda Barcelona, imejaa watoto wa shule kutoka Ufa waliokuwa wakienda likizo. Ndege ya mizigo aina ya Boeing ilitoka Bergamo kwenda Brussels. Zote zilikuwa katika futi 36,000. Waliokuwa wakiziongoza ni watu wa Zurich, au niseme mtu wa Zurich, kwa kuwa mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika na yeye akahudumia meza mbili peke yake. Usiku huo simu kuu zilikuwa katika matengenezo. Alipogundua hatari, muda ulikuwa umekwisha kumponyoka. Akaiagiza Tupolev ishuke. Sekunde chache baadaye mashine ya Tupolev ikaamuru kupanda, na mashine ya Boeing ikaamuru kushuka. Marubani wa Boeing wakaitii mashine. Marubani wa Tupolev wakamtii mwongozaji. Zote mbili zikashuka, zikakutana gizani. Walikufa watu 71.

Kosa lilikuwa la nani? Ni rahisi kumnyoshea kidole yule aliyebaki peke yake mezani, na wengi walifanya hivyo. Mimi naona afadhali tuwaulize kwanza walioona kwamba mtu mmoja anatosha, na walioruhusu simu zizimwe bila kuongeza mikono. Tuwaulize pia walioandika vitabu vya kanuni, kwani wakati ule havikuwa vinasema lugha moja kuhusu nani atangulie, binadamu au mashine. Baada ya Überlingen, ICAO iliandika bila mafumbo: TCAS ikitoa amri, rubani aifuate, hata kama mwongoza ndege anasema kinyume, na mwongozaji akiambiwa kwamba rubani anafuata amri hiyo, asimpe agizo jingine la kupanda au kushuka hadi hatari ipite.

Unaona sasa kwa nini marubani wa Ethiopia na wa Qatar hawakubabaika. Walikuwa wamefundishwa kanuni iliyoandikwa baada ya watoto wa Ufa. Nawapongeza kwa utulivu wao. Hata hivyo sifa hizo zisitufumbe macho. TCAS iliwekwa ili iwe ukuta wa mwisho, pale ambapo ratiba, rada, mwongozaji na mpaka wa mamlaka vimeshindwa vyote. Ukuta wa mwisho ukianza kutumika kila juma, nyumba ina tatizo mahali pengine. Isitoshe, ndege ndogo nyingi hazina chombo hicho. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Marubani wa Dash 8 waliweza kuirudisha ndege yao Wilson salama. Mwanafunzi na mwalimu wake waliokuwa katika ile ndogo walifariki dunia.

Neno "mamlaka" tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko chimbuko lake lina harufu ya ufalme na umiliki. Katika Kiswahili limekuwa na maana mbili: uwezo wa kuamuru, na ofisi yenye uwezo huo. Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 ulitumia wazo la kwanza katika kifungu chake cha mwanzo kabisa: kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Mamlaka hayo yana bei. Ndege inayopita hulipa ada, na ada hizo ni fedha za kigeni zinazoingia bila nchi kuuza hata gunia moja la kahawa. Kwa hiyo wanaogombania kipaza sauti cha redio wanagombania heshima na pia hazina. Lakini mkataba huo huo unadai huduma itolewe kwa viwango vinavyokubalika, jambo ambalo wagombanaji husahau kulitaja.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuonja njia nyingine. Katika siku za Jumuiya ya kwanza, usafiri wa anga wa Uganda, Kenya na Tanzania ulisimamiwa na idara moja ya pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya hiyo ilianzisha chuo cha urubani pale Soroti, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Mbale. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nalo, na kila nchi ikachukua kipande chake cha anga. Chuo cha Soroti kilibaki, kikapita katika miaka ya shida, na hadi leo vijana hujifunza urubani huko. Jumuiya ya sasa iliunda mwaka 2007 wakala wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, ambao makao yake yapo Entebbe. Wakala huo hauongozi ndege. Kazi yake ni kuzisaidia nchi wanachama zitumie kanuni zinazofanana. Ni hatua ndogo ukilinganisha na ile idara ya zamani, nami sifichi kwamba naionea fahari. Somalia nayo imekwisha kuingia katika Jumuiya, ilikubaliwa Novemba 2023, miezi michache tu kabla ya usiku ule wa futi 39,000.

Kabla ya kipindi chetu kijacho, fanya mambo mawili. Kwanza, chora mstari kutoka Jinja hadi Mbale, uweke ndege nne juu yake, mbili kwenda na mbili kurudi, kisha uzipangie vimo vya futi kwa kanuni uliyoisoma hapa. Pili, kusanya maneno yote ya makala haya yaliyotokana na kitenzi "ongoza", uyatungie sentensi, na uonyeshe upatanisho wa kila moja. Walio karibu na Soroti waulize pale chuoni kama wanapokea wageni. Safari ya darasa kutoka Mbale inaweza kwenda na kurudi siku moja.